Kombolela Kisimani

Alfredi aliniomba jambo moja tu kabla hatujafika Newala: nisicheze.

Aliniomba kwa upole, pikipiki ameisimamisha kwenye kona ya mwisho ya mlima, pale ambapo ukigeuka nyuma unaiona milima ya mawe ya Masasi imekuwa midogo kama mafiga. Upepo wa juu ulikuwa unapeperusha kanga yangu. Aliishika ncha, akanifunga vizuri mabegani, mikono yake ikakawia pale kuliko ilivyohitajika.

"Agatha, mama yangu ni mtu wa zamani."

"Mimi je?"

Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. Nilikuwa nimevaa gauni la maua la marehemu bibi yangu, lile lenye vifungo vilivyovishwa kitambaa. Kichwani nimesuka twende kilioni. Mkononi nina simu yangu ndogo ya kitochi iliyofungwa kwa mpira, na kwenye mzigo nyuma ya pikipiki kulikuwa na redio ya kaseti niliyokataa kuiacha Lulindi.

"Wewe ni wa zamani kuliko yeye," alisema akicheka. "Ndiyo maana atakupenda. Lakini ule upande mwingine, tafadhali. Uache kwanza. Mpaka mahari ipelekwe."

"Upande upi?"

"Unaujua."

Nilikuwa naujua. Alfredi ni fundi bati, na mara ya kwanza kuniona alikuwa juu ya paa la jirani yetu Lulindi anaweka mfereji wa mvua. Mimi nilikuwa chini nacheza rede na watoto, gauni nimelichomeka, mtu mzima mwenye umri wa kuitwa mama. Kimpira cha soksi kikaruka mpaka juu ya bati. Fundi akakiokota, akakipima mkononi, halafu hakukirudisha. Alinilenga. Nikainama, kikapita juu ya nywele zangu, watoto wakapiga kelele. Nilipoinua macho alikuwa amekaa ukingoni mwa paa, miguu inaning'inia, ananitazama kama mtu aliyesahau kazi iliyompeleka kule juu.

Kwa hiyo alichoniomba niache ndicho alichokipenda kwanza. Nilitaka kumwambia hivyo pale kwenye kona. Lakini mimi si mwepesi wa kusema. Huwa natazama kwanza.

"Sawa," nikamwambia.

* * *

Nyumbani kwao kuna desturi. Kabla mahari haijapelekwa, binti anayetakiwa huja msimu wa mabibo, kabla ya mvua za kwanza, akakaa karibu na mama mkwe na kumsaidia kusafisha kisima. Newala maji ni ya kutafuta. Kila nyumba inayojiweza imechimba kisima uani, kimesakafiwa kwa saruji, na mvua ikinyesha maji ya bati yote huingia humo kupitia bomba. Wanasema mwanamke atakayeyanywa maji yale sharti ayafagilie mahali pa kukaa.

Nililala kwa mama mdogo Julia, aliyeolewa hukohuko Newala. Alfajiri nikawa naenda kwa Mama Alfredi, jioni narudi.

Naye alinipenda. Sitamsema vibaya. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anayetembea kama amebeba ndoo kichwani hata asipobeba kitu. Siku ya kwanza nilipiga magoti kumwamkia, akaitikia "marahaba" ndefu kama mtu anayekunywa uji wa moto. Alinipa mizizi ya ming'oko nimenye. Alinitazama ninavyotwanga. Alinipima ninavyokaa.

"Nani alikufundisha kukunja kanga hivi?"

"Bibi yangu, Mama."

"Na huvai suruali?"

"Sizipendi, Mama."

"Simu kubwa huna?"

"Hii inatosha, Mama."

Akawa ananitembeza kwa majirani kama kitambaa kipya. "Mwoneni bibi kizee wangu! Mtoto wa zamani amezaliwa siku hizi!" Majirani walicheka, nikacheka nao, lakini kwa mdomo uliofungwa, kwa sababu nilikwisha kuona kwamba Mama Alfredi akisikia kicheko cha sauti hugeuza shingo.

Sababu yake alinieleza mwenyewe tukichambua mbaazi. Mkwe wake wa kwanza, mke wa Nikolao, kaka yake Alfredi, alikuwa mcheshi. "Alicheka, alicheza, aliimba, kila mtu akampenda," alisema. "Asubuhi moja akacheka mpaka stendi, akapanda gari. Mpaka leo. Nikolao yuko Mtwara, hataki hata kupita njia hii. Na mtoto ndiye yule pale."

Mtoto alikuwa Wema, msichana wa darasa la pili mwenye magoti yasiyokauka vidonda. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jiko ananitazama. Watoto wana pua. Alikuwa amekwisha kuninusa.

"Dada Agatha," aliniuliza siku moja kwa siri, "unajua mdako?"

Nilikuwa na vijiwe vya mdako mfukoni mwa gauni saa ileile. Vilikuwa vya bibi. Bibi yangu alikuwa na mkebe mmoja wa biskuti, na ndani yake alihifadhi kanga zake za kutokea pamoja na vijiwe vyake vya kuchezea. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila bibi anafanya hivyo.

"Sijui," nikamjibu Wema.

Akainama, akachora chini kwa kidole. Sijawahi kumwambia mtoto uongo mbaya kama ule.

Alfredi alikuwapo kila siku, anakarabati mifereji ya nyumba ya mama yake, na hatukupata hata nafasi ya kugusana vidole. Alikuwa akipita na patasi na nyundo ananitupia jicho. Mimi nimeshika ufagio, yeye ameshika bati, mama yake yupo katikati. Jicho lake lilisema vumilia. Langu, sijui lilisema nini. Usiku kwa mama mdogo nilikuwa najiona kama kuku aliyefunikwa tenga. Anapewa mtama, anasifiwa kwamba amenona, lakini tenga ni tenga.

"Si ndiyo ulivyo?" mama mdogo Julia aliniuliza. "Si wewe ndiye mpenda mambo ya kizamani?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Sasa unanuna nini? Umepata nyumba inayokufaa."

"Inanifaa nusu."

"Heee!" alisema. "Mwanamume mwenye kazi, hanywi hata pombe ya uraka, na wewe unataka na ile nusu nyingine!"

* * *

Siku ya kisima ilikuwa Ijumaa. Tulishusha ngazi asubuhi. Mimi nikaingia na ufagio wa chelewa na ndoo ya majivu, Mama Alfredi akabaki juu akivuta taka kwa kamba. Ndani mlikuwa na baridi, na harufu ya majani makavu na ya maji yaliyokwisha zamani. Nilisugua kuta mpaka mikono ikawaka. Tulipomaliza alichungulia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mtu angeweza kula humo ndani."

Baada ya chakula alijifunga kanga, akaenda barabarani kumpokea mdogo wake, Mjomba Bartholomayo, aliyekuwa anakuja kunitazama. Kwao, kama kwetu, mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Akisema ndiyo, mahari ingepelekwa Lulindi. Akisema hapana, ningepanda gari na redio yangu, ndiyo maana asubuhi ile nilikuja na mzigo wangu wote.

"Uoge, uvae lile gauni la bibi yako," aliniambia. "Kisima kiache wazi kikauke."

Mlango wa ua ulipofungwa tu, nyumba nzima ilipumua. Sijui niseme vipi. Hata kuku walianza kuparura kwa fujo. Watoto wa jirani walitokea kwenye pengo la ua, na Wema alikuwa ameshika kopo tupu la maziwa.

"Kombolela," alisema, akimtazama baba yake mdogo, si mimi.

Alfredi alikuwa juu ya ngazi yake fupi anafunga kipande cha mwisho cha mfereji. Alinitazama. Nilijua macho yale. Yalikuwa yaleyale ya juu ya paa kule Lulindi.

"Mmoja tu," alisema.

"Ulisema nisicheze."

"Mama hayupo. Mchezo mmoja, Agatha. Nimekumiss kama vile hauko hapahapa."

Nilipaswa kukataa. Nilitazama kopo, nikatazama magoti ya Wema. Nikavua ndala.

Alfredi ndiye aliyekuwa wa kutafuta. Aliweka kopo katikati ya uwanja, akaenda akafunika uso kwenye ukuta wa jiko, mikono yote miwili, kama mtoto mwaminifu. Mchezo wenyewe kila mtu anaujua. Mtafutaji haruhusiwi kufumbua macho mpaka aambiwe. Anauliza, mnajibu. Akimwona mtu, anamtaja jina na kumweka mateka penye kopo. Na mateka hatoki mpaka mmoja aliyebaki mafichoni atokee, apige kelele ya kombolela na kuliangusha lile kopo.

"Tayari?"

"Bado!" tuliitikia.

Nilizunguka. Nyuma ya choo kulikuwa na watoto. Jikoni kulikuwa na watoto. Kisha nikaona ngazi inachungulia kutoka kisimani.

"Tayari?"

"Bado!"

Nilishuka haraka, gauni limekusanywa mkono mmoja, moyo unadunda kama wa mtu wa miaka tisa. Nikajibana chini ya bomba, mahali pasipofika jua. Nikaziba mdomo nisicheke.

"Tayari?"

"Tayari!" watoto walijibu.

Niliwasikia wakikamatwa mmoja mmoja. Wa nyuma ya choo. Wa jikoni. Wema alilalamika kwamba ameonwa mguu tu, si uso. Halafu nyayo za Alfredi zikaja taratibu, zikasimama, na kichwa chake kikatokea pale juu, kwenye mraba wa mwanga.

Aliniona. Alitabasamu tabasamu ambalo mpaka leo nikilikumbuka huwa nageuza uso. Alifungua kinywa kunitaja.

Na mlango wa ua ukalia.

"Alfredi! Nani anaacha kisima hivyo na watoto wamejaa humu?"

Ilikuwa sauti ya mama yake. Amerudi mapema, mjomba alikuwa amekwisha kufika stendi. Nilisikia watoto wa jirani wakitimka kupitia pengo la ua. Lile tabasamu la Alfredi lilibaki pale usoni, lakini mwenyewe hakuwemo tena. Tulitazamana. Nilikwisha kuweka mguu kwenye ngazi.

Akaweka kidole mdomoni.

Halafu akaivuta ngazi. Ilipanda mbele ya macho yangu polepole, kipandio cha mwisho kikanigusa kidevu.

"Nakifunika, Mama," alisema kwa sauti ya mtoto mzuri.

"Na kinu uweke juu, wasije wakafunua!"

Mfuniko wa bati ulikokotwa. Nilisikia kinu kikibingirishwa, kikasimamishwa. Giza likaja lote kwa pamoja.

* * *

Kulikuwa na kitu kimoja tu cha mwanga, tundu la bomba, jicho jeupe la ukubwa wa kikombe. Nilisimama chini yake nikavuta hewa. Nilijiambia, Agatha, wewe ni mtu wa kusubiri. Subiri.

Kisha nikagundua kwamba bomba linaleta maneno.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa. Mbona unatoka jasho hivyo? Mimi ndiye nimepanda mlima na goti bovu. Haya, binti yuko wapi?"

"Ameenda... ameenda kuteka maji."

"Saa hizi?" Mama Alfredi alishangaa. "Nilimwambia aoge."

"Hakukuwa na ya kuogea, Mama."

"Unaona, Bartholomayo? Hakusema hakuna maji. Amechukua ndoo. Wa siku hizi angekaa akakusubiri umchotee."

Niliegemea ukuta nilioufagia mwenyewe. Viti vilivutwa. Vilikuwa karibu kabisa na mfereji.

"Mdogo wangu, ungemwona! Anapokea kitu kwa mikono miwili. Nywele anasuka twende kilioni. Nani anasuka twende kilioni siku hizi?"

"Labda kweli anakwenda kilioni."

"Acha utani."

"Ana miaka mingapi, sitini? Mbona dada unataka kumwoza kijana kwa shoga yako?"

"Unaniona nacheka? Nataka mtu mtulivu. Alfredi atakuwa anasafiri na bati zake, huyu atakaa hapa na mimi. Tutalima, tutatwanga, jioni tutafunga mlango. Hacheki ovyo. Hachezi. Yule mwingine mnakumbuka."

"Tunakumbuka," mjomba alisema, utani umemtoka.

"Nilimwuliza Alfredi mapema kabisa. Hebu mwambie mjomba wako."

Nilisogeza sikio mpaka bati likanigusa shavu. Lile bomba Alfredi alililehemu mwenyewe wiki ileile, alinionyesha, akasema hakuna tone litakalopotea.

"Hachezi," alisema Alfredi. "Tangu nimjue sijamwona akicheza."

Halikupotea hata neno.

Sikulia. Nilikaa chini. Nilijaribu kuiona ile nyumba baada ya harusi, mimi natwanga, mimi nafunga mlango, Alfredi anaingia na kidole mdomoni. Na vijiwe vya bibi vimezikwa mahali. Nilivitoa mfukoni nikavishika. Vilikuwa vya moto kwa joto la mwili wangu. Ningenyamaza ningempata. Hilo nililijua wazi, wala si jambo dogo, kwa sababu nilikuwa nampenda yule mwanamume mpaka kwenye kucha. Ningepiga kelele ningemkosa. Nikasema basi, nitanyamaza. Wanawake wangapi wamenyamaza na wakazeeka vizuri.

"Wewe Wema!" sauti ya Mama Alfredi ilihamia mbali kidogo. "Umesimama juani na kopo unafanya nini?"

"Nimekamatwa, Bibi."

"Na nani?"

"Na baba mdogo."

"Si mchezo umekwisha? Ondoka hapo."

"Haujaisha. Namsubiri Dada Agatha anikomboe."

Nilisimama.

"Mama, mtoto huyo anajitungia," Alfredi alisema upesi.

"Sijitungii! Dada Agatha amejificha! Baba mdogo ndiye amemkosa!"

"Wema." Sauti ya bibi yake ilikuwa ya chini, na ya chini ilikuwa mbaya zaidi. "Unamsingizia mtu mzima? Mgeni wangu? Ulimi huo ni wa mama yako. Leo nitaukata. Alfredi, nivunjie fimbo ya mkorosho hapo."

Wema alianza kulia, lakini hakuondoka penye kopo. Nilijua hakuondoka kwa sababu kilio hakikusogea.

Nilimsubiri Alfredi. Nasema kweli, nilimsubiri. Nilimpa muda wa kutosha mtu kuvuta pumzi na kusema, Mama, mtoto ana haki. Nikasikia tawi linavunjika.

Nikainuka kwa ncha za vidole, nikabandika mdomo kwenye tundu la bomba, nikaachia sauti yote niliyokuwa nimeikunja tangu nifike Newala.

"KOMBOLELAAA!"

Ilipanda bomba, ikaingia kwenye mfereji, ikazunguka paa lote. Bati ziliitikia. Kuku waliruka. Mtu aliangusha kiti.

"Yesu wangu!" Mama Alfredi alipiga yowe.

"Dada," mjomba alisema, "kisima chako kinaongea."

* * *

Walipofunua, mwanga uliniumiza macho. Vichwa vilikuwa vitatu vimepangana pale juu. Sikujua la kufanya, nikafanya nililolelewa. Nilipiga magoti kwenye saruji.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu," alijibu yule mzee mnene, macho yamemtoka. "Hujambo huko?"

"Sijambo, Mjomba. Habari za safari?"

"Njema. Za... za humo ndani?"

"Njema tu, Mjomba."

Nilisikia anakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Ngazi ilishuka. Alfredi ndiye aliyeishusha.

"Panda, Agatha."

"Sipandi."

"Panda kwanza, tutaongea."

"Humu panasikika vizuri. Mwambie Mama kwanza nani aliitoa hii ngazi."

Alimtazama mama yake. Akatazama fimbo iliyokuwa bado kwapani mwake mwenyewe.

"Ni mimi, Mama," alisema. "Tulikuwa tunacheza. Mimi ndiye niliyesema tucheze, yeye alikataa. Nilimwona humo chini. Nikafunika."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ukaweka na kinu?"

"Wewe ndiye uliniambia, Mama."

"Nilikwambia ufunike kisima!" Mama Alfredi alisema, sauti imepasuka. "Sikukwambia umfunike mtoto wa watu!"

Ndipo nikapanda. Gauni lilikuwa limechafuka saruji, nywele zimejaa vumbi. Sikusimama kwa mtu. Nilikwenda moja kwa moja penye kopo, nikalipiga teke likaruka mpaka kwenye ukuta wa jiko. Wema alifuta makamasi kwa mkono, akaondoka pale mbio, huru.

Mama Alfredi alikuwa amekaa juu ya kinu. Kwa mara ya kwanza nilimwona ameinamisha mgongo.

"Nilikwisha kusema umekamilika," aliniambia. "Nilikwisha kuwaambia watu."

"Nimekamilika, Mama. Ile kanga naipenda kweli. Magoti napiga kwa kupenda, si kwa kukudanganya. Na kombolela naipenda vilevile."

"Mtu amechezwa unyago, anajificha na watoto! Nitaiacha nyumba hii kwa nani? Na wewe siku moja utacheka mpaka stendi."

Niliingia ndani nikachukua redio na mzigo wangu, nikavaa ndala, nikarudi nikampigia magoti. "Kisima ni safi, Mama. Maji yatakuwa mazuri."

Alfredi alinizuia kabla sijafika mlango wa ua. Hakunigusa.

"Nisamehe."

"Ulinitazama machoni, Alfredi," nikamwambia polepole, ili nisilie. "Ulinitazama, ukatabasamu, ukafunika."

"Niliogopa kukukosa."

"Ulimwogopa Mama."

"Nilimwogopa Mama," alikubali. "Nifanye nini? Sema, nitafanya. Hapahapa."

Mjomba Bartholomayo alikuwa amesimama nyuma yake anachezea fimbo yake ya kutembelea. Nilimgeukia yeye, maana ndiye mwenye neno.

"Mjomba, naomba kusema. Mama anapenda mambo ya zamani, nami nayapenda. Lakini bibi yangu aliniambia zamani yenyewe, kwetu na kwenu, mwanamume ndiye aliyekwenda kukaa kwa wakwe. Alilima, alijenga, wakamwona ni mtu wa namna gani. Mimi nimekwisha kuonwa. Yeye bado."

Mjomba alimtazama dada yake. Tumbo lilianza kumtikisika.

"Dada, huyu kakushinda kwa uzee."

"Bartholomayo, nyamaza."

"Mama yangu hana mfereji nyumbani," nikamalizia. "Mvua zinakaribia. Aje Lulindi tumwone."

Nilijitwisha mzigo, nikafungua mlango. Nyuma yangu nikasikia kopo linaburuzwa. Niligeuka. Alfredi alikuwa amelirudisha katikati ya uwanja, mbele ya mama yake, mbele ya mjomba wake, mbele ya majirani waliokwisha kusimama kwenye pengo la ua. Alikwenda penye ukuta wa jiko. Akafunika uso kwa mikono yote miwili, mwanamume mzima na suruali yake ya kazi, jua linampiga shingoni.

"Tayari?" aliuliza kwa nguvu.

"Alfredi!" mama yake alinong'ona. "Mbele za watu!"

Hakugeuka. "Tayari?"

Niliiona ile shingo. Nilitaka kurudi nikaifunike kwa kanga yangu, naapa. Wema alinitazama, akangoja.

"Mwambie basi afumbue," Mama Alfredi aliniambia. Alikuwa amesimama kutoka kwenye kinu. "Jua litamuua."

"Hawezi kufumbua, Mama, sijajibu."

"Basi jibu!"

Mimi ni mtu wa kusubiri, kila anayenijua anasema hivyo. Nimesubiri mvua, nimesubiri gari, nimemsubiri yeye nikiwa gizani na vijiwe mkononi. Barabara ya Masasi ilikuwa mbele yangu, nyeupe kwa vumbi. Nikaona safari hii asubiri mwingine.

"Bado," nikasema, nikaweka mguu nje.